Wilaya ipi? Uchambuzi wa barua ya McMahon kwa Sharifu wa Makka, Oktoba 1915

Mtanzania ukimtajia wilaya ya Muheza, picha inamjia mara moja: sehemu ya mkoa, yenye mkuu wake wa wilaya na makao yake. Mwomani akitaja wilaya ya Sur naye ana picha isiyo mbali na hiyo, eneo lililo chini ya mkoa. Lakini fika Algeria, utakuta wilaya ni mkoa mzima, na juu yake hakuna ngazi nyingine ila serikali kuu. Neno ni lile lile la Kiarabu, ila kipimo chake hubadilika kwa kutegemea nani anatamka na yuko wapi.

Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo kiini cha kisa chenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1915 Sir Henry McMahon, Kamishna Mkuu wa Uingereza nchini Misri, alimwandikia kutoka Kairo Sharifu Hussein bin Ali, Amiri wa Makka. Alimweleza kwamba Uingereza iko tayari kutambua na kuunga mkono uhuru wa Waarabu ndani ya mipaka ambayo Sharifu mwenyewe aliitaja, isipokuwa sehemu kadhaa. Sehemu hizo ni Mersin na Iskandaruna, pamoja na zile za nchi ya Sham (Syria na majirani zake) zilizo magharibi ya "wilaya" za Dameski, Homs, Hama na Aleppo. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa huko si Waarabu watupu. Kwa kifungu hicho kimoja Waarabu na Waingereza walibishana zaidi ya miaka ishirini, na kilichogombewa ni Palestina.

Ili tuelewe kwa nini barua nzito kiasi hicho iliandikwa kwa maneno mepesi kiasi hicho, tuwatazame kwanza wenyewe wawili.

Hussein alikuwa mzee aliyepita miaka sitini. Alikaa Istanbul, makao makuu ya dola ya Uthmaniya ya Waturuki, miaka mingi, akiheshimiwa kama mgeni na kuchungwa kama mfungwa, mpaka mwaka 1908 alipoteuliwa kuwa Amiri wa Makka. Mwaka huohuo reli ya Hijazi, nchi ya Makka na Madina, kutoka Dameski ilifika Madina, karibu kilomita 1,300 za chuma jangwani. Serikali ya Uthmaniya ilitaka kuisogeza mpaka Makka, naye akapinga. Alijua kwamba garimoshi linaloleta mahujaji huleta na askari. Alijua pia kwamba mabedui, waliokuwa wakiishi kwa kukodisha ngamia kati ya Jidda, Makka na Madina, wangekosa riziki. Kila vijana waliotawala Istanbul walipozidi kutaka mambo yote yaamuliwe huko, ndivyo alivyozidi kuhisi kwamba kiti chake kinavutwa.

Na tusisahau tumbo. Hijazi hailimi chakula cha kuitosha. Nafaka ilivuka Bahari ya Shamu kutoka Misri na India, na fedha zilikuja na mahujaji. Mwenye manowari baharini ndiye aliyeshika funguo za ghala la Makka, na mwaka 1914 manowari hizo zilikuwa za Mwingereza. Sharifu hakuhitaji kuambiwa maana yake.

Waingereza nao walikuwa na hofu yao. Mnamo Novemba 1914 dola ya Uthmaniya iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Ujerumani, na jihadi ikatangazwa Istanbul kwa jina la sultani ambaye pia ndiye aliyekuwa khalifa. Uingereza ilitawala Waislamu wengi kuliko aliowatawala sultani mwenyewe, kuanzia India na Misri hadi Sudan na pwani yetu. Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub alitumia heshima yake kuwatuliza Waislamu wa Afrika Mashariki wabaki upande wa Uingereza. Hata hivyo sauti ya Unguja haifiki mbali kama sauti ya Makka. Istanbul ilimtaka Sharifu aiunge mkono jihadi hadharani. Alijibu kwa udhuru: anaiombea dua, ila akitamka tu, Waingereza wataifunga bahari na watu wa Hijazi watakufa njaa. Udhuru huo ulikuwa wa kweli, na ulimfaa pia. Kila wiki aliyokaa kimya ilikuwa faida kwa London, ndiyo maana London ilianza kuuliza bei ya kimya hicho, na kisha bei ya upanga wake.

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kabla ya vita. Mapema 1914 mwanawe Abdullah, aliyekuwa mbunge wa Makka katika bunge la Uthmaniya, alipita Kairo akaonana na Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, na katibu wake wa mambo ya mashariki, Ronald Storrs. Alidokeza kuhusu silaha, akajibiwa kwa adabu kwamba Uingereza haina ugomvi na Waturuki. Miezi michache baadaye Kitchener alikuwa Waziri wa Vita London, na yeye ndiye aliyetuma ujumbe wa siri Makka. Ujumbe wa mwisho wa Oktoba 1914 ulisema kwamba Waarabu wakiisaidia Uingereza, nayo itawalinda dhidi ya uvamizi kutoka nje. Ukadokeza pia kwamba huenda Mwarabu wa nasaba halisi akashika ukhalifa Makka au Madina. Sidhani Kitchener alielewa uzito wa alichokiandika. Kwake khalifa alikuwa kama Papa, kiongozi wa ibada tu. Kwa Hussein, ukhalifa bila dola ni kanzu bila mtu ndani yake.

Katika masika ya 1915 mwana mwingine, Faisal, alipita Dameski akakutana kwa siri na vyama vya maofisa na wasomi wa Kiarabu, al-Fatat na al-Ahd. Wakampa hati yenye mipaka ya nchi waliyoitaka: kaskazini Mersin na Adana mpaka Uajemi, mashariki Uajemi mpaka Ghuba, kusini Bahari ya Hindi bila Aden, magharibi Bahari ya Shamu na Mediterania. Hussein aliichukua mipaka hiyo karibu kama ilivyo, akaiweka katika barua yake ya 14 Julai 1915.

McMahon alijibu tarehe 30 Agosti. Barua ilianza kwa msururu wa sifa ambao hata waandishi wetu wa zamani wa nyaraka za Kiswahili wangeuona mrefu: chipukizi la mti wa Muhammad, tawi la shina la Kureshi, mwenye cheo cha juu, na kuendelea. Baada ya mapambo hayo ikafika hoja yenyewe, kwamba kuzungumzia mipaka ni mapema mno wakati vita vinaendelea. Hussein hakudanganyika. Katika jibu lake la 9 Septemba alilalamikia ubaridi na kusitasita kwa McMahon, akasisitiza kwamba mipaka si matakwa ya mtu mmoja bali ya watu wake wote. Kila ninapoisoma barua hiyo ninamwona mzee aliyezoea maneno matamu ya Istanbul na anayejua fika kwamba mapambo huongezwa pale ambapo kitu chenyewe kimepunguzwa.

Kilichobadilisha mambo ni uwanja wa vita. Mashambulizi ya Uingereza na washirika wake dhidi ya Waturuki huko Gallipoli yalikuwa yamekwama. Bulgaria iliingia upande wa Ujerumani mwezi Oktoba. Wakati huohuo akatokea Kairo ofisa kijana wa Mosul, Muhammad Sharif al-Faruqi, aliyetoroka jeshi la Uthmaniya huko Gallipoli. Alimwambia Gilbert Clayton, mkuu wa ujasusi, kwamba vyama vya siri vina nguvu kubwa jeshini, na kwamba Waarabu wasipopewa jibu la wazi upesi watakubaliana na Wajerumani na Waturuki. Alikuza mambo kupita kiasi, lakini aliwakuta wasikilizaji walio tayari kuamini. Waziri wa Mambo ya Nje, Sir Edward Grey, akampelekea McMahon simu ya upepo inayompa nafasi ya kutoa ahadi kwa namna atakayoona inafaa, ili mradi Waarabu wasipotee. Siku nne baadaye barua ilikuwa tayari.

Sasa tuisome pole pole.

Chini ya utawala wa Uthmaniya nchi iligawanywa kwa ngazi: wilaya, kisha sanjak, kisha kaza. Wilaya ya Uthmaniya ilikuwa jimbo kubwa lenye gavana wake. Katika eneo tunalozungumzia zilikuwapo wilaya ya Aleppo, wilaya ya Sham ambayo makao yake yalikuwa Dameski, na wilaya ya Beirut kando ya bahari. Yerusalemu ilikuwa sanjak ya pekee iliyoripoti moja kwa moja Istanbul.

Twende na maana hiyo ya kiserikali. Wilaya ya Homs? Haikuwapo, maana Homs ilikuwa kaza. Wilaya ya Hama? Haikuwapo pia, kwa kuwa Hama ilikuwa sanjak ndani ya wilaya ya Sham. Mersin na Iskandaruna, ambazo maandishi ya Kiarabu yanaziita wilaya vilevile, hazikuwa wilaya. Mersin ilikuwa chini ya Adana, Iskandaruna chini ya Aleppo. Na wilaya ya Aleppo yenyewe ilifika mpaka baharini, kwa hiyo magharibi yake hakuna nchi, kuna samaki tu. Ukishika maana ya kiserikali, sentensi nzima inavunjika mikononi.

Shika sasa maana ya kawaida, ile ambayo mtu wa Muheza angeielewa: mji na viunga vyake. Hapo sentensi inasimama. Dameski, Homs, Hama na Aleppo imepangana kutoka kusini kwenda kaskazini kama shanga katika uzi mmoja. Ukitazama magharibi ya uzi huo unaona mlima wa Lebanon na pwani ya Sham, pale hasa Ufaransa ilipopatamani. Palestina haiko hapo. Yerusalemu iko zaidi ya kilomita 200 kusini ya Dameski, chini ya ncha ya uzi. Kama McMahon alitaka kuiondoa, neno lilikuwa karibu, "sanjak ya Yerusalemu", naye hakuliandika.

Kuna jambo linalokwaza usomaji wangu, nami silifichi. Mbele kidogo katika barua hiyohiyo zinatajwa wilaya za Baghdad na Basra, na hizo zilikuwa wilaya halisi za kiserikali, ambako Uingereza ilijitengea "mipango maalumu" ya utawala. Yaani katika karatasi moja neno moja linabeba maana mbili. Barua iliandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa hapohapo Kairo, na neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya eneo likageuzwa kuwa neno lenye cheo serikalini. McMahon mwenyewe alitokea utumishi wa India, hakujua Kiarabu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amechora mpaka kati ya India na Tibet ambao nao hadi leo una mgogoro na unabeba jina lake.

Laiti kasoro ingekuwa ya tafsiri tu. Barua ina kifungu kingine, ambacho kwangu ndicho kizito zaidi: ahadi inahusu sehemu zile ambazo Uingereza ina uhuru wa kutenda bila kudhuru maslahi ya mshirika wake Ufaransa. Maslahi hayo ni yapi, na yanaishia wapi? Haikusemwa. Ni sawa na mtu akuuzie shamba na aandike katika hati kwamba umelipata lote isipokuwa pale ambapo jirani atadai, na jirani hajaulizwa. Mjumbe wa Ufaransa, François Georges-Picot, alianza mazungumzo na maofisa wa Uingereza London tarehe 23 Novemba, mwezi mmoja baada ya barua kuondoka Kairo. Na hata hapo Hussein hakuambiwa.

Alijibu tarehe 5 Novemba. Mersin na Adana aliziachia. Aleppo na Beirut na pwani zake alizikataa katakata kuziachia: ni nchi za Waarabu, alisema, na hakuna tofauti kati ya Mwarabu Mwislamu na Mwarabu Mkristo. McMahon mwezi Desemba akarudi kwenye maslahi ya Ufaransa. Ndipo tarehe 1 Januari 1916 Hussein akaandika kwamba, ili asiharibu urafiki wa Uingereza na Ufaransa wakati wa vita, ataliacha jambo la Beirut na pwani yake kwa sasa, ila vita vikiisha atalidai. Nafasi ya kwanza atakayoipata, alisema.

Watu wengi humsimulia Hussein kama mzee mwema aliyelaghaiwa. Naona hiyo ni kumdharau. Aliuona ufa na akauandika kwa mkono wake. Ila alikuwa ameamua kwamba deni linaloandikwa leo linaweza kudaiwa kesho, na kwamba Mwingereza ni mtu wa neno lake. Ndani ya barua zile kumi, tano zake na tano za McMahon, hakuna mkataba, hakuna sahihi mbili katika karatasi moja, hakuna ramani. Na wilaya ya Beirut aliyoiahirisha ilibeba pia Nablus na Akka, kaskazini ya Palestina, jambo lililowapa mawakili wa Uingereza pa kushikia baadaye. Kuhusu Yerusalemu, Jaffa, Gaza na Hebroni, barua zote kumi hazisemi lolote la kuzitoa.

McMahon naye aliiona ahadi yake vipi? Tuna ushahidi wa kalamu yake. Desemba 1915 Lord Hardinge, mtawala wa Kiingereza wa India, alikuwa amekasirika kwamba Kairo inagawa Iraki ambayo jeshi la India lilikuwa linaipigania. McMahon akamtuliza kwa kumwandikia kwamba hafikirii hata kidogo kuwa mazungumzo haya yataunda Arabia ya kesho au kuifunga mikono Uingereza, na kwamba jambo la sasa ni kuwavuta Waarabu waachane na adui. Hapo ndipo ninapoishiwa na subira. Ugumu wa neno "wilaya" ningeweza kuusamehe kama kosa la karani. Barua hii kwa Hardinge inaonyesha kwamba utata haukumsumbua mwandishi wake. Ulimfaa.

Serikali ya Waingereza ya India nayo haikukaa bure. Tarehe 26 Desemba 1915 Sir Percy Cox alitia sahihi mkataba na Abdulaziz ibn Saud wa Najd huko Darin, akatambuliwa kuwa mtawala wa nchi zake chini ya ulinzi wa Uingereza. Baadaye alikuwa akipata pauni 5,000 kwa mwezi. Miezi kadhaa kabla, Idrisi wa Asir naye alikuwa ameshapata mkataba wake. Hivyo ofisi moja ya dola ilikuwa inamjenga Hussein kuwa sauti ya Waarabu wote, na nyingine inatia sahihi na majirani zake ambao hawakumtambua. Imam Yahya wa Yemen na Ibn Rashid wa Hail walibaki na Waturuki.

Waturuki bado walikuwa na nafasi. Machi 1916 Hussein alimpelekea Enver Pasha, Waziri wa Vita wa Uthmaniya, masharti: msamaha kwa wafungwa wa kisiasa wa Kiarabu, madaraka ya ndani kwa Sham na Iraki, na kiti cha Makka kirithiwe na wanawe. Walimkatalia. Tarehe 6 Mei Jamal Pasha, mtawala wa Kituruki wa Sham, akawanyonga Waarabu 21 katika viwanja vya Beirut na Dameski. Wakati huo kikosi cha Kituruki kilikuwa njiani kupitia Madina kwenda Yemen, kikifuatana na ujumbe wa Kijerumani wa Othmar von Stotzingen. Kazi mojawapo ya ujumbe huo ilikuwa kuweka kituo cha mawasiliano ya redio ili kuzungumza na Wajerumani wa Afrika Mashariki, kule ambako Lettow-Vorbeck alikuwa amekatwa na dunia. Hussein aliamini kikosi hicho kinamfuata yeye. Akaharakisha.

Tarehe 5 Juni wanawe Ali na Faisal walianzisha uasi dhidi ya Waturuki Madina. Alfajiri ya tarehe 10, yaani 9 Shaabani 1334, Hussein mwenyewe alipiga risasi kutoka dirishani mwa kasri lake Makka. Jidda iliangukia mikononi mwa wapiganaji wake katikati ya mwezi, Taif mwezi Septemba. Dhahabu ya Uingereza ikaanza kuingia, pauni 125,000 kwa mwezi mwanzoni. Madina haikuanguka: kamanda wa Kituruki, Fakhri Pasha, aliishikilia hadi Januari 1919, baada ya vita kwisha.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapitia haraka. Mwezi Mei 1916, kabla ya risasi ile ya Makka, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeshakubaliana kuigawa Sham na Iraki kwa mkataba wa Sykes na Picot, ulioitwa kwa majina ya wajumbe wao. Novemba 1917 likatoka tamko la Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kuhusu makao ya taifa la Wayahudi Palestina, na mwezi huohuo Wabolsheviki waliotwaa madaraka Urusi wakauchapisha ule mkataba wa siri. Jamal Pasha akawaandikia Waarabu: mmeona? Hussein, badala ya kugeuka, aliwapelekea Waingereza barua hizo na kuwauliza. Wakamjibu Februari 1918 kwamba ni fitina za Waturuki na kwamba ahadi iko palepale. Julai 1920 majeshi ya Ufaransa yalimtoa Faisal Dameski baada ya vita vya Maysalun. Dameski, wa kwanza kutajwa kati ya ile miji minne ya kile kifungu, ule ambao hakuna msomaji yeyote, wa Kairo wala wa London, aliyewahi kudai kwamba uko nje ya ahadi.

Ubishi wa neno ukaanza rasmi mwaka 1922. Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, alisema "wilaya ya Dameski" maana yake ni wilaya yote ya Sham iliyoteremka mpaka Akaba, kwa hiyo magharibi yake ni pamoja na Palestina yote iliyo upande wa magharibi wa Mto Yordani. Ukikubali hivyo, lazima uzibuni na wilaya za Homs na Hama. Mwaka uliofuata Grey, aliyekuwa bosi wa McMahon, alisimama bungeni akaonyesha mashaka juu ya msimamo wa serikali na kutaka barua zichapishwe. McMahon aliandika gazetini mwaka 1937 kwamba hakukusudia Palestina iwemo. Nia iliyobaki kifuani haimfungi aliyepokea karatasi. Barua zilichapishwa rasmi mwaka 1939, na kamati ya Waingereza na Waarabu ikakaa London kuzisoma. Waingereza walishikilia kwamba Palestina ilitengwa, ila wakakiri kuwa hoja za Waarabu zina nguvu kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba mwaka 1918 Uingereza haikuwa na uhuru wa kuiamulia Palestina bila kujali matakwa ya wakazi wake. Kufikia hapo mamlaka ya Uingereza Palestina yalikuwa na umri wa miaka karibu ishirini.

Hussein hakuona siku hiyo. Alikataa kutia sahihi mkataba wowote na Uingereza ambao ungemfanya akubali yaliyofanywa Sham na Palestina, akaendelea kudai zile barua. Mwezi Machi 1924, Waturuki walipofuta ukhalifa, alijitangaza khalifa. Oktoba wapiganaji wa Ibn Saud waliingia Makka naye akawa ameachia kiti, na Uingereza haikunyanyua kidole. Alipelekwa Akaba, kisha Kupro. Alifariki Amman Juni 1931, nchini mwa mwanawe Abdullah. Jeneza lilivushwa Yordani, akazikwa ndani ya Haram al-Sharif, Yerusalemu.